Ripoti ya Nyumba Ikidanganya, Nani Analipa?

Wasee, tuanze na hesabu ndogo. Mama mmoja huko Norwich, Uingereza, alitaka kununua nyumba ya pauni 18,000. Sehemu kubwa ya pesa alikuwa nayo, alihitaji mkopo wa pauni 3,500 tu. Mkopeshaji akamwambia nyumba lazima ikaguliwe kwanza, na ada ya ukaguzi, pauni 36.89, atalipa yeye. Akalipa. Mkaguzi akaenda, akaangalia, akaandika kwamba hakuna matengenezo ya lazima. Mama akanunua. Baada ya kama mwaka mmoja na nusu, matofali ya bomba la moshi yakaporomoka, yakatoboa paa, yakaingia mpaka chumba cha kulala.

Kumbe kuna mtu alikuwa amebomoa sehemu ya chini ya lile bomba zamani, akaacha ya juu ikining'inia kwa dari bila kitu cha kuishikilia. Mkaguzi hakuangalia juu ya dari.

Sasa swali la leo: nani analipa? Mkaguzi aliitwa na mkopeshaji, si yule mama. Kwenye karatasi kulikuwa na maandishi yanayosema mkaguzi hatawajibika kwa mnunuzi. Lakini ada ilitoka kwa mfuko wa nani? Na nani alikuwa analala chini ya lile paa?

Korti za Uingereza zilichukua karibu miaka 100 kulijibu hilo swali vizuri. Na kabla useme "hayo ni mambo ya wazungu", ngoja. Sheria yao ya zamani, ile mbaya, ndiyo ilipakiwa kwa meli ikaletwa Mombasa. Tulirithi swali kabla turithi jibu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sheria hata sikuwa nasomea. Lakini hukumu za korti si siri ya mawakili. Za kwetu ziko kwa tovuti ya Kenya Law, bure, na nyingi za Uingereza pia unazipata bila kulipa. Ukiwa na bando na subira, unasoma. Nimesoma, na nimeona hii stori inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Turudi nyuma, London, 1893.

Kesi inaitwa Le Lievre dhidi ya Gould. Ukijua jinsi mjengo wa mkopo unavyolipiwa, utaielewa haraka. Mkopeshaji hatoi pesa yote siku moja. Anatoa kidogo kidogo: msingi ukiisha, unapewa fungu, kuta zikifika juu, unapewa lingine. Kila hatua kuna mtaalamu anayesaini cheti kwamba kazi imefika hapo. Hata Nairobi leo ni hivyo. Kwa hiyo kesi, surveya alisaini vyeti kwamba hatua fulani zimefika. Hazikuwa zimefika. Waliokopesha walitoa pesa wakiamini vyeti, wakapata hasara, wakaenda kortini.

Wakashindwa. Majaji walikubali kwamba surveya alizembea. Lakini walisema hakudanganya kwa makusudi, na hakuwa na mkataba na waliokopesha. Jaji mkuu wa hiyo rufaa, Lord Esher, alisema kitu ambacho kwa maneno yangu ni hiki: mtu anaweza kuzembea atakavyo mbele ya dunia nzima, mradi hana wajibu wowote kwa hiyo dunia. Yaani kama hukuniita wewe, uzembe wangu ni shida yako.

Kinachouma zaidi ni kwamba miaka 5 tu kabla ya hapo, 1888, kuna jaji alikuwa amesema tofauti. Kwa kesi ya Cann dhidi ya Willson, wathamini walitoa thamani ya mali wakijua kabisa kwamba mkopeshaji ataitegemea, na wakapatikana na lawama. Halafu 1889 mahakama ya juu kabisa ikaamua kesi nyingine ya kampuni ya tramu, Derry dhidi ya Peek, ikasema mtu hawezi kuitwa tapeli kwa sababu tu alikosea. Lazima awe alijua anadanganya, au hakujali kama ni kweli au uongo. Mwaka wa 1893 korti ikaichukua hiyo kanuni ya utapeli, ikaisukuma mpaka kwa uzembe, ikazika kesi ya 1888. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo, ukafungwa.

Sasa angalia tarehe. Sheria yetu ya Mahakama, ile Sura ya 8, inasema korti za Kenya zitafuata kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema kitu, na kwa kadiri hali ya Kenya na watu wake inavyoruhusu. 1893 mlango unafungwa. 1897 tunaletewa nyumba nzima na mlango ukiwa umefungwa. Babu wa babu yako hakuulizwa.

Ilichukua konokono kuanza kubadilisha hiyo hali, na hapa sitanii. Mwaka 1928, mji wa Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, huwezi kuona ndani. Alipokuwa amekunywa kiasi, akasema kwenye hiyo chupa kulikuwa na konokono aliyeoza. Yeye hakuinunua, kwa hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji wa juu walisema mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayekunywa, awe amelipa au hajalipa. Hiyo ndiyo Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Kenya ameisoma mpaka ameichoka.

Lakini hiyo ilikuwa ya vitu: soda, dawa, gari. Maneno yalibaki salama. Ukiniuzia soda yenye konokono, nakushtaki. Ukiniandikia ripoti yenye konokono, nakaa na umaskini wangu. Mwaka 1951 kuna jaji, Denning, alipinga hilo waziwazi kwenye kesi ya wahasibu, Candler dhidi ya Crane Christmas. Alisema wahasibu, masurveya na wathamini hawawezi kuuza ujuzi wao halafu wakatae lawama kwa watu wanaojua watautegemea. Alikuwa mmoja dhidi ya wawili. Akashindwa kwa kura.

Miaka 12 baadaye akapata haki yake. Mwaka 1963, kesi ya Hedley Byrne dhidi ya Heller. Kampuni ya matangazo ilitaka kujua kama mteja wake ana uwezo wa kulipa. Ikauliza kupitia benki, na benki ya yule mteja ikajibu kwamba yuko sawa, ila jibu linatolewa bila wajibu wowote. Mteja akafilisika, kampuni ikapoteza zaidi ya pauni 17,000. Majaji wakasema: mtu mwenye ujuzi maalum, akitoa neno akijua kuna mtu atalitegemea, na huyo mtu kweli akalitegemea, anaweza kuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu hata kama hakuna mkataba. Le Lievre ikawa imezikwa.

Halafu sikiza hii: kampuni bado ilishindwa. Kwa nini? Kwa sababu ya ile sentensi moja, "bila wajibu wowote". Kwa hivyo wataalamu wote walijifunza masomo mawili siku moja. La kwanza, sasa mnaweza kushtakiwa. La pili, andikeni maandishi madogo.

Na waliandika. Mpaka leo fungua ripoti yoyote, ukurasa wa mwisho umejaa.

Sasa tuje kwa nyumba zenyewe. Mwaka 1981, London, iliamuliwa kesi ya familia ya kina Yianni, waliokuwa wamenunua nyumba ya pauni 15,000 kwa mkopo. Mthamini wa mkopeshaji alisema nyumba inafaa. Wakahamia, wakakuta nyufa na msingi unaozama. Kuirekebisha ilihitaji pauni 18,000, zaidi ya bei waliyonunulia. Upande wa mthamini ulisema: mngetafuta mkaguzi wenu. Jaji akaangalia ushahidi wa jinsi watu wanavyonunua nyumba kwa kweli. Wengi sana, hasa wa nyumba za bei ya chini, hawaajiri mkaguzi wa pili. Wanasema, kama benki imekubali kuweka pesa yake, basi nyumba ni sawa. Na wathamini wanajua watu hufikiria hivyo. Familia ikashinda.

Mnaona nilichopenda hapo? Jaji hakuuliza mtu mwerevu angefanya nini. Aliuliza watu wa kawaida hufanya nini na pesa kidogo waliyonayo.

Ndio tunafika kwa mama wa Norwich. Kesi yake, Smith dhidi ya Eric S Bush, iliamuliwa na majaji wa juu Aprili 1989, pamoja na nyingine ya wapenzi wachanga waliokuwa wananunua nyumba yao ya kwanza kwa pauni 9,000. Hawa wa pili walikopeshwa na baraza la mtaa, na mkaguzi alikuwa mfanyakazi wa hilo baraza. Ripoti hawakuonyeshwa hata. Miaka 3 baadaye wakataka kuuza. Mnunuzi akaenda kuomba mkopo kwa baraza lilelile, baraza likamtuma mkaguzi yuleyule. Safari hii akaona shida. Nyumba ikawa haiuziki.

Swali kubwa lilikuwa yale maandishi madogo. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1977 inayosema huwezi kujitoa lawama ya uzembe kwa maandishi, isipokuwa kama ni haki kufanya hivyo. Je, ni haki? Lord Griffiths akaweka maswali manne. Moja, hawa wawili walikuwa na nguvu sawa ya kujadiliana, au mmoja aliambiwa chukua au wacha? Mbili, mnunuzi angeweza kupata ushauri kwingine bila kuumia kwa gharama na muda? Tatu, kazi yenyewe ilikuwa ngumu kiasi gani? Nne, nani ana uwezo wa kubeba hasara? Mkaguzi anaweza kununua bima, na hasara ikagawanywa kwa wateja wote kidogo kidogo. Mnunuzi wa nyumba ndogo hasara ikimwangukia, imemmaliza.

Mama akashinda, akalipwa pauni 4,379.97. Wale wapenzi pia wakashinda. Lakini majaji waliweka mpaka: hii ni kwa nyumba za watu wa kawaida. Tajiri anayenunua jumba la biashara ana mawakili na wakaguzi wake, ajipange.

Hebu tuvuke bahari, kwa sababu kazi ya kukagua nyumba kama biashara ya kujitegemea, ile unaona kwa video za Wamarekani wakitambaa juu ya dari na tochi, ilipata nguvu kubwa California kwa sababu ya kesi moja. Easton dhidi ya Strassburger, 1984.

Nyumba ilikuwa sehemu inaitwa Diablo. Iliuzwa 1976 kwa dola 170,000. Ilikuwa imejengwa juu ya udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa vizuri. Baada ya muda mfupi ardhi ikaanza kuteleza, nyumba ikapasuka. Thamani yake ilikadiriwa kushuka hadi kama dola 20,000, na gharama ya kuitengeneza kufika dola 213,000. Wauzaji walijua kuhusu maporomoko ya awali wakanyamaza. Lakini mahakama ya rufaa ilimgeukia pia dalali. Mmoja wa mawakala alikuwa ameona sakafu ya jengo moja hapo haijanyooka. Mawakala walikuwa pia wameona wavu kwa mteremko, uliokuwa umewekwa kwa sababu ya maporomoko. Hawakusema kitu, hawakuomba udongo upimwe. Korti ikasema dalali ana wajibu wa kuangalia nyumba kwa macho yaliyo wazi na kumwambia mnunuzi alichoona.

Madalali wakaingiwa na baridi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likauandika huo wajibu kwa sheria. Na madalali wakapata njia nzuri ya kujikinga: mwambie mnunuzi aajiri mkaguzi wake. Chama cha wakaguzi wa nyumba cha Marekani, ASHI, kilikuwa kimeanzishwa 1976, lakini sasa kazi zikaja kwa wingi. Lawama ilipotoka kwa dalali, ikahamia kwa mkaguzi. Ni kama chapati moto, kila mtu anaitupia mwenzake.

Na mkaguzi naye akafanya nini? Maandishi madogo, tena. Mikataba ikaanza kusema: hata nikikosea, sitakulipa zaidi ya ada uliyonipa. New Jersey kuna kesi ya 2004, Lucier dhidi ya Williams. Wanunuzi wa mara ya kwanza walimlipa mkaguzi dola 385. Paa likavuja, na kulitengeneza kungegharimu kati ya dola 8,000 na 10,000. Mkataba ulisema kiwango cha juu ni nusu ya ada, yaani dola 192.50. Korti ya rufaa ikakataa. Ilisema kama mtaalamu anaweza kuharibu na akalipa karibu na bure, hana sababu ya kufanya kazi vizuri. California yenyewe ilikuwa imeamua hilo kwa sheria kuanzia 1997: kifungu kinachofunga fidia ya mkaguzi kwa bei ya ripoti hakina nguvu. Na mkaguzi anaweza kushtakiwa ndani ya miaka 4 tangu siku ya ukaguzi, basi.

Sasa mambo ya vijana, na hapa nataka msome polepole. Wengi mnaonifuata mmetoka poli au chuo na mnatafuta kazi kwa ofisi za wathamini, mainjinia, wakandarasi. Utaambiwa, "nenda saiti, jaza hii fomu, saini". Kuna kesi ya Uingereza ya 2001, Merrett dhidi ya Babb. Mkaguzi alikuwa ameajiriwa tu. Alikagua nyumba 1992, akasaini ripoti. Baadaye mwenye ofisi akafilisika, na bima ya ofisi ikakatizwa. Ujue, bima ya makosa ya kikazi kwa kawaida hulipa madai yanayoletwa ikiwa bado hai. Ikikufa leo, madai ya kesho hayana mtu. Mnunuzi akagundua kasoro, akatafuta wa kushtaki. Ofisi hakuna. Bima hakuna. Aliyebaki ni yule aliyesaini. Majaji wawili kwa mmoja wakasema alipe yeye mwenyewe, pauni 14,500, kutoka mfukoni.

Mshahara ulikuwa wa ofisi, lawama ikawa yake.

Mpaka hapa nimesema wakaguzi wa kulipwa. Na wale wa serikali? Historia yao imepinda zaidi. Mwaka 1977, kesi ya Anns dhidi ya Merton, majaji wa Uingereza walisema baraza la mji linaweza kulipa kama wakaguzi wake walizembea kukagua msingi. Mwaka 1990, kesi ya Murphy dhidi ya Brentwood, wakageuka. Mwenye nyumba aliuza kwa hasara ya pauni 35,000 kwa sababu ya msingi mbovu uliopitishwa na baraza, wakamwambia hiyo ni hasara ya pesa tu, hakuna aliyeumia, baraza halilipi.

Kanada hawakufuata huko. Wao walikuwa na kesi yao ya 1984, mji wa Kamloops, na ukiisoma utadhani ni kaunti fulani unayoijua. Mkaguzi wa mji aliona msingi wa nyumba haufai, akaamuru kazi isimame. Lakini nyumba ilikuwa ya diwani, ikijengwa na mtoto wake. Diwani akalalamika kwa baraza, amri ikabaki kwa karatasi, nyumba ikamalizika na watu wakahamia. Baadaye ikauzwa kwa mtu asiyejua lolote, naye akaja kugundua msingi unazama. Mahakama Kuu ya Kanada ikasema mji ulijua, ulikuwa na nguvu ya kuzuia, ukanyamaza kwa sababu zisizofaa. Mji ukabebeshwa asilimia 25 ya hasara.

Sasa turudi nyumbani. Korti zetu hazikukwama 1897. Zimetumia Donoghue na Hedley Byrne mara nyingi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Kuna sheria za wathamini, wasanifu na mainjinia. Kwa karatasi tuko sawa.

Lakini kumbuka Huruma, usiku wa 29 Aprili 2016. Mvua, jengo la orofa 6, watu karibu 50 wakafa. Serikali ilisema jengo lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Yaani kuna mtu alikuwa ameliona. Kulikuwa na maandishi. Na bado watu walilipa kodi, wakapika ugali, wakalala. Hiyo ndiyo Kamloops yetu, ila kwetu watu walikufa.

Hata kwa hawa wa kununua bado kuna shida. Shangazi yangu alichukua mkopo wa nyumba upande wa Kangundo Road. Akatozwa pesa ya mthamini, ikakatwa kwa akaunti, meseji ikaingia kwa simu. Alipoomba nakala ya ripoti, akaambiwa ni ya benki, haiko kwa wateja. Sitaitaja benki. Ukuta wa jikoni una ufa sasa, unaingiza kidole. Nilipomsomea stori ya wale wapenzi wa 1989 ambao hawakuonyeshwa ripoti, alicheka ile kicheko ya uchungu, akaniuliza, "Kwa hivyo hii ujinga ni ya kimataifa?"

Na saa inakimbia. Sheria yetu ya muda wa kushtaki, Sura ya 22, inakupa miaka 6 kwa mkataba, na miaka 3 kwa uzembe. Miaka 3 inahesabiwa tangu haki ya kushtaki ilipozaliwa, na siku hiyo inaweza kuwa kabla hujaona ufa wowote. Uingereza walirekebisha hilo mwaka 1986: unaweza kupata miaka 3 tangu ulipogundua kasoro, mradi haijapita miaka 15. Kwetu, muda wa kuongezwa kwa uzembe uliofichika umewekewa waliojeruhiwa mwili. Ukuta ukipasuka bila kukuangukia, sheria inakuhesabia kama ulijua. Hiyo ni kazi ya bunge, na hakuna mheshimiwa nimemsikia akiitaja kwa kampeni.

Kwa hivyo nasema nini? Ukiangalia hiyo miaka yote, kutoka 1893, ripoti za nyumba hazikuboreka kwa sababu wataalamu walipata roho safi. Ziliboreka pale ambapo mtu wa kawaida alipata njia ya kumfikia aliyesaini. Saini ambayo haiwezi kukugharimu kitu ni mchoro tu.

Kama unanunua, usiridhike na ripoti ya benki. Ajiri mtu wako mwenye usajili, na jina lako liandikwe kwa mkataba, kwa sababu mkataba unakupa ile miaka 6. Muulize ana bima ya makosa ya kikazi, na akuonyeshe. Soma ukurasa wa mwisho kwanza. Ukiona "hatutalipa zaidi ya ada", uliza kwa nini. Hukumu za Uingereza na Marekani hazifungi korti zetu, lakini wakili mzuri anaweza kuzitumia.

Kama umepanga, kama wengi wetu, wewe ndiwe yule mtu wa 1893, hakuna aliyekusainia chochote. Piga picha za nyufa zikiwa na tarehe. Andikia kaunti, andikia Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, weka nakala. Kamloops ulishindwa kwa sababu kulikuwa na karatasi zinazoonyesha mji ulijua.

Na kama wewe ndiwe unatumwa saiti na fomu, panda mpaka juu ya dari. Kama hukupanda, andika hukupanda. Uliza bima ya ofisi inakufunika wewe pia, na hata ukishaacha kazi. Usisaini kitu hukuona kwa sababu bosi ako na haraka. Bosi anaweza kufilisika. Jina lako litabaki pale chini.

Tuma hii kwa mtu anayelipa dipoziti ya nyumba mwezi huu. Na kama umewahi kunyimwa ripoti uliyoilipia mwenyewe, niandikie, nataka kujua tuko wangapi.